Sweta Lililochanjwa Mara Sita

Bawabu wa shule ile walimwita Kufuli. Miaka kumi na mmoja getini hakupitisha mtoto asiye na sweta la kijani. Amri ilikuwa ya mwalimu mkuu. Siku moja Kufuli alimrudisha hata binti wa mwalimu mkuu mwenyewe, aliyesahau lake kwenye kamba ya kuanikia. Mwalimu mkuu alinuna siku mbili. Siku ya tatu akampa Kufuli tochi mpya.

Wiki iliyopita muuguzi alipita sokoni na kuwaambia akina mama kwamba analeta chanjo shuleni. Ni ya wasichana, wanaosoma na wasiosoma. Inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Saa sita juu ya alama anafunga sanduku lake la barafu, ana shule nyingine ya kuwahi. Akina mama wakakubali. Kufuli naye akaweka dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa ya mjukuu wake. Ugonjwa huo aliujua kwa jina. Mwaka jana ulimchukua mkewe.

Siku ya chanjo, saa tano na robo, wasichana saba wakasimama getini na kandambili zao. Wachuuzi wa karanga, wabeba maji. Wa mwisho ni mjukuu wake. Aliacha shule amuuguze bibi yake, bibi akafa, na yeye shule hakurudi.

"Sweta?" akauliza Kufuli. Mdomo uliuliza wenyewe, kwa mazoea.

"Babu, unajua sina."

Mwalimu mkuu alikuwa mkutanoni, hakuna wa kumwomba ruhusa. Kufuli akazunguka kibanda chake mara mbili. Kisha akaingia, akafukua kikapu cha vitu vilivyookotwa, akatoka na sweta moja. Lilikuwa na doa la wino kifuani, kubwa kama yai. Akamvika msichana wa kwanza, akamwambia apite kihalali, naye akamfuata nyuma.

Kule barazani muuguzi akamwambia alivue, yeye anataka mkono. Sindano ikaingia, msichana akakaa kwenye benchi, na Kufuli akalichukua sweta mbio hadi getini. Magoti yalilia kama bawaba. Tangu siku ya harusi yake hakuwahi kukimbia hivyo.

Wa pili akavikwa, akapita, akavuliwa. Wa tatu alikuwa mdogo, sweta likamfika magotini, ikabidi ashikwe mkono asijikwae. Wa nne alikuwa na mabega ya mchukuzi, mkono mmoja tu ukaingia. Kufuli akafikiri, akatoa hukumu kwamba mkono mmoja unatosha kisheria. Benchi zima likaangua kicheko. Muuguzi, aliyekwisha kulitambua lile doa, akang'ata mdomo na kumwomba asimchekeshe, atamchoma mtu sikio.

Wa tano. Wa sita. Kufuli anahema, anacheka, jasho linamwingia machoni. Saa sita kasoro dakika tano akafika getini na sweta mkononi, akamkuta mwalimu mkuu amesimama kando ya mjukuu wake.

Kufuli akapiga saluti kwa mkono wenye sweta.

Mwalimu mkuu akalitazama doa. Akawatazama wale sita kwenye benchi, kila mmoja amebana pamba begani, hakuna hata mmoja mwenye sare.

"Mzee, hili sweta leo limechanjwa mara ngapi?"

"Sita, mwalimu. Bado moja."

Kule barazani muuguzi alikwisha kushika kifuniko cha sanduku. Mwalimu mkuu akalichukua sweta, akalikunja, akalibana kwapani. Kicheko kikamkauka Kufuli.

"Pita, binti," akasema mwalimu mkuu. "Wanataka mkono mtupu."

Msichana akatimua mbio. Kufuli akabaki ameshika geti kwa mikono miwili. Akaona sindano ikiingia, akaona ikitoka.

Mjukuu akarudi amebana pamba. "Babu, hata haijauma. Mbona wewe ndiye unayelia?"

Akasema ni jasho.

Mwalimu mkuu alimrushia msichana lile sweta, akamwambia Jumatatu aje amelivaa, na daftari.

Jumatatu alikuja. Kufuli akamsimamisha getini kama wengine, akamkagua kola, mikono, doa la wino.

"Haya, pita," akasema.

Kisha akaingia kibandani, akacheka peke yake hadi kengele ikalia.