Shamba Langu na Mama Mkwe

Mama mkwe alipotoka Kalamba kuja kutibiwa mguu, alikaa kwetu Matinyani msimu mzima, nami nikaishi kama mgeni katika nyumba yangu. Sisi Wakamba tuna nthoni: mwanamume hamkaribii mama wa mke wake, hampi mkono, na neno lao hupitia kwa mtu mwingine. Wengi wameacha. Yeye hakuacha, na mimi ni nani nimfundishe?

Nina kidude cha mkononi cha kuchezea gemu za zamani. Nikienda kazini nilikuwa nakiacha sebuleni juu ya kigoda. Jioni moja nilikiwasha nikakuta shamba langu, lile la kwenye gemu, limemwagiliwa lote. Mke wangu hana muda huo. Basi ikawa hivyo: jioni mimi napanda, mchana mama mkwe anamwagilia, na kigoda ndicho mjumbe wetu. Mara akahamishia nyanya zangu karibu na kisima bila kuuliza. Nilinuna, kisha zikastawi. Nikanunua ng'ombe, kesho yake nikakuta amemjengea zizi. Nilimpenda yule mama.

Ila kidude kilikuwa kinaganda kila mvua ikinyesha humo ndani ya gemu. Mtandaoni wakasema dawa ni kusasisha mfumo. Jumamosi moja, yeye akiwa kliniki, nilinakili gemu zote kwenye kompyuta, nikafuta kadi, nikaweka mfumo mpya, huku naomba stima zisipotee. Hazikupotea. Kidude kikawaka upesi, na mvua ikanyesha bila kuganda. Lakini ilinyeshea magugu matupu. Nilinakili gemu nikasahau kumbukumbu zake za pale tulipofikia, zilizokuwa kwenye folda nyingine. Haraka haraka haina baraka.

Nilimwomba mke wangu apeleke habari. Akacheka mpaka akaketi.

"Hiyo shamba si yangu," akasema. "Enda umwambie mwenyewe."

Niliogopa kweli. Kukemewa ningevumilia. Niliogopa kwamba atarudi Kalamba, nasi tutabaki tena watu wawili wasio na neno.

Aliporudi kutoka kliniki aliketi kwenye veranda, mguu ameunyoosha juu ya kile kigoda. Nikasimama kando, macho kwenye tangi la maji, nikamweleza kwamba shamba limefutika na aliyelifuta ni mimi.

"Hata ile ng'ombe?" akauliza.

"Hata ng'ombe, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Na ilikuwa karibu kuzaa."

Nikakitoa kidude mfukoni nikiweke mahali pake, lakini juu ya kigoda kulikuwa na mguu wake. Nikangoja auondoe. Hakuuondoa. Badala yake akanyoosha mkono, kiganja juu, akinitazama usoni.

"Leta," akasema. "Mvua imeanza na hatujapanda."

Nikampa mkononi.