Aliyeombwa Mabibo

Kaka yangu alipofariki aliacha shamba la mikorosho Nanyamba na mtoto mmoja, binti. Mkewe alikuwa ametangulia. Namshukuru Mungu kwa umri alionipa na kwa elimu kidogo ya mirathi niliyoisoma Mikindani ujanani, ingawa sikutarajia kuitumia ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Khitma ilipokwisha, mpwa wetu, mtoto wa marehemu dada yetu, hakuondoka.

"Shamba la mjomba ni la mpwa," akasema. "Ndivyo wazee wetu walivyofanya."

"Walifanya kabla ya kusoma dini. Binti ana nusu yake. Inayobaki inarudi kwa ndugu wa baba."

Akacheka. "Na ndugu wa baba ni nani, mjomba, kama si wewe? Kitabu chako kinakupenda sana."

Waliokuwa wakikunja majamvi waliacha kukunja. Hesabu ilikuwa kama alivyosema.

Kesho yake alirudi na neno jingine. Hakudai urithi tena, alidai hiba: mjomba alimpa shamba akiwa hai. Urithi huja mtu akishakufa, na mrithi hajichagulii fungu. Hiba ni zawadi ya mtu aliye hai, nayo haitimii mpaka aliyepewa akabidhiwe na kuitawala. Tofauti hiyo hakuijua jana. Nani alimnong'oneza? Nikaanza kuwatazama kwa jicho la pembeni hata wenzangu wa msikitini.

Binti alikuwa akipepeta mchele, kimya. Nyumba yake imo ndani ya shamba lile. Hiba ya mpwa ikithibiti, angetoka na vyungu vyake. Ukimya wake nao nikautilia shaka. Labda ameahidiwa kitu.

Nikasema twende shambani sote watatu.

"Salfa, dawa ya mikorosho hii, nilipulizia mimi, misimu yote," mpwa akasema tulipofika.

"Hata kibarua hupulizia salfa," nikamjibu.

Majirani wa kike walikuwa chini ya mikorosho na ndoo zao. Kwetu korosho huokotwa na mwenye shamba, lakini lile tunda lake, bibo, majirani huruhusiwa wakiomba. Hakuna anayeligusa bila kumwomba mwenyewe. Nikawasalimu, kisha nikawauliza mabibo wanamwomba nani. Mpwa akaanza kukohoa.

"Si huyo hapo!" mama mmoja akanyoosha kidole. Moyo ulinishuka, nikidhani ni mpwa. Kumbe alimwonyesha binti, aliyesimama nyuma yake. "Tangu msimu wa juzi. Tulimwendea marehemu, akatufukuza: 'Nyie, mnaniomba mimi nina nini? Shamba nimeshampa mwanangu, mwombeni yeye.' Na mchoyo huyu! Anatupa yaliyopondeka tu."

"Mnataka mazuri, pandeni yenu," binti akasema, na wote wakacheka.

Nikamgeukia. "Mwanangu, kwa nini hukusema?"

"Baba mdogo, nilidhani baba ananifurahisha tu. Nikasema mtoto wa kike anasubiri mirathi."

Alikuwa akisubiri agawiwe nusu ya kitu ambacho chote kilikuwa chake, na mimi mwenye elimu nilikuwa nimekaa tayari kumgawia. Nikawaambia wote waliokuwapo kwamba shamba hili si la mirathi. Mwenyewe alilitoa akiwa hai, na aliyepewa amelitawala. Nusu yangu ikaenda pamoja na madai ya mpwa. Alhamdulillahi. Nilihisi ikiondoka, sitadanganya.

Mpwa alinisindikiza mpaka njia ya magari.

"Mjomba, niambie mimi tu. Mmepatana nini na binti?"

"Hatukupatana kitu."

"Mtu anaacha nusu ya shamba bure?"

"Anaiachaje, nawe umesikia kuwa haikuwa yake?"

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza uongo uliopangwa vizuri.

Bado huja kwangu Chuno kunijulia hali, na kila nikimwombea dua huitikia amina. Hunipa shikamoo yake kwa adabu, kisha shingo yake hurefuka kidogo kuelekea stoo, kuangalia kama pana gunia la korosho kutoka Nanyamba.