Stand-up ya mafundi cherehani Nyahanga: kila asubuhi "nzuri", Ijumaa mzigo pungufu

Wakuu, heshima kwenu nyote, hasa mnaosoma mkiwa mmejilaza kama mimi.

Haya yametokea barazani kwangu, Nyahanga, Kahama. Chumvi sijaongeza. Ningelazimika kutoka nyumbani kwenda kuinunua.

Mimi ni fundi cherehani, elimu yangu form four, na kutoka nje sipendi. Kikundi chetu kilipokosa pa kufanyia kazi nilitoa baraza haraka sana. Watu wakanisifu kwa moyo wa kujitolea. Ukweli nilitaka kazi inikute na kandambili.

Mwaka huu tukapata oda ya ovaroli za wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo. Tukakubaliana tupeleke chache kila Ijumaa, wazivae, watuambie kasoro, turekebishe. Wakiridhika, kazi yao yote yetu.

Kiongozi wetu ni shemeji yangu Neema, mdogo wa mke wangu. Alikuwa Geita, pale Kalangalala, kwenye ofisi ya vijana wanaotengeneza programu za simu. Akarudi na Agile, mtindo wao wa kufanya kazi kidogo kidogo, kuonyesha mteja na kurekebisha.

Wiki ya kazi akaiita sprint. Nikamwambia shemeji, mimi mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka wa shule.

Halafu kuna stand-up. Asubuhi mnasimama kidogo, kila mtu anasema amefikia wapi na nini kinamkwamisha.

Sasa wakuu, wasimamishe Wasukuma asubuhi uwaulize habari. Mwangaluka, shikamoo, za watoto, za ng'ombe. Ndipo Neema anafika kwa Mama Kulwa, mkongwe wetu, mshona zipu.

"Habari ya kazi, mama?"

"Nzuri."

"Hakuna kinachokukwamisha?"

"Hakuna mwanangu, tunamshukuru Mungu."

Neema anaruka kwa mwingine. Nzuri. Anakuja kwangu. Nzuri, ila naomba kiti.

Ijumaa, mzigo pungufu. Ijumaa iliyofuata, pungufu tena, na ovaroli zote zimelala kwa Mama Kulwa zinasubiri zipu. Wachimbaji wakatuma ujumbe: safari ijayo zisipotimia, wanahamia kwa fundi mwingine. Wenzetu wakaanza kunong'ona kwamba mama apumzishwe.

Mchana huo mama mkwe wangu, mama yake Neema, akampigia Neema simu. Simu ya Neema imekufa spika ya sikioni, anaongea kwa sauti ya nje, kwa hiyo mtaa mzima unasikia. Mimi nilikuwepo (ningekuwa wapi?), nikajikausha kwa heshima ya mkwe.

"Habari za huko?"

"Nzuri tu, mama."

Mama mkwe hakusema kitu. Alinyamaza tu, akasubiri.

Neema akashusha pumzi. "Ila oda inatushinda, mama."

Alipokata simu tukatazamana. Kwetu hata aliyefiwa hujibu nzuri kwanza, msiba unakuja baadaye. Na stand-up yetu ilikuwa inafungwa kwenye nzuri.

Kesho yake akatukalisha. Nilimpenda sana shemeji siku hiyo. Akaanza yeye:

"Mimi nzuri, ila naogopa tutaipoteza hii kazi na sijui kwa nini tunakwama. Mama Kulwa, shikamoo. Habari ya kazi?"

"Marahaba. Nzuri."

Neema hakwenda kwa mwingine. Kimya. Nikataka kutania kidogo, mke wangu aliyekaa pembeni yangu akanikanyaga.

"Ila macho, mwanangu," Mama Kulwa akasema taratibu. "Uzi wa bluu kwenye kitambaa cha bluu siuoni. Nashona, nafumua, nashona tena. Nikisema, mtaniambia nikae nyumbani."

"Kukaa nyumbani siyo adhabu, mama. Muulize huyu," Neema akaninyooshea kidole.

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Tukabadilishana. Mimi nikachukua zipu, yeye ile mikanda ya kung'aa kifuani na miguuni. Ile anaiona vizuri kabisa. Ijumaa mzigo ukatimia, na jibu la wachimbaji likaja: "Mikanda imenyooka. Leteni nyingine."

Viongozi mnaoendesha timu kwa Agile, ushauri wangu ni huu. Ukiuliza kama kuna tatizo, anza kutaja la kwako, kisha nyamaza. Subiri "ila". Na mtu akikwama, jaribu kumbadilishia kazi kabla hujafikiria kumtoa.

Nyie wa stand-up za maofisini, "ila" za watu wenu mnazipataje? Shusheni hapa, mimi nipo tu, siendi popote.

Huku kwangu nzuri.

Ila hizi zipu, wakuu.