Friji Iliyojibu "Nzuri"

Nichekeni, lakini msinitukane. Mama Espérance, mwenye duka la samaki hapa Isipingo, aliniomba nimwandikie programu ya kuchunga friji. Nikaiandika: joto likipanda, imtumie ujumbe wa hatari; kila asubuhi imtumie hali ya friji, na kipimo kisiposomeka, ijibu "Nzuri." Si ndivyo tulivyolelewa? Hata ukiwa na malaria, ukisalimiwa unaanza na nzuri.

Juzi jioni nilichomoa plagi ya friji na kipimo chake nichaji simu yangu, nikasahau. Asubuhi mama akafungua mlango wa friji, maji ya samaki yakamwagikia viatu vyake. Papo hapo simu yake ikalia: "Nzuri, mama."

Akanigeukia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Eish, mwana wangu! Samaki iko bado mzuri, tutakaanga yote leo. Wewe enda, fundisha ile programu kulia."