Aliyekuwa Nyuma ya Shimo

Cheka kwanza umalize, ndipo nikusimulie. Hata mimi ningecheka. Miaka yote niliyofungua injini za ndege sijawahi kukutana na mzimu, na wanaodai wamekutana nao huwa nawauliza walikunywa nini. Siku ile nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu, na ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka.

Ilikuwa Itilima, mbele kidogo ya Lagangabilili, kwenye kiwanja cha ndege cha udongo kilichozungukwa na mashamba ya pamba. Ndege ndogo ya injini moja ilikuwa ikijipanga kuruka, gurudumu la mbele likatumbukia kwenye shimo la nungunungu. Propela ikapiga ardhi, injini ikazimika ghafla. Hakuna aliyeumia. Nikaitwa kutoka Mwanza, nikaja na propela nyingine kwenye gari.

Sasa, kubadilisha propela si tatizo. Hofu iko kwenye krenki, ule mhimili wa ndani unaoizungusha. Kitabu cha mafundi kinaagiza injini ifunguliwe hadi nyuma kabisa, kwenye gia iliyoshikwa na boliti moja na pini fupi kuliko kidole. Pini hiyo ikikatika, injini inazima hewani bila kuaga. Lakini ni kazi ya siku kadhaa, na rubani, dada mmoja mpole, alikuwa na wauguzi wawili wa kuwarudisha Mwanza kesho yake. Akanipigia simu kutoka Bariadi: "Kaka, si upime tu hapo mbele, usaini tuondoke?" Nami, niseme ukweli, moyoni nilikwisha kukubali.

Mlinzi wa kiwanja, Mzee Maduhu, alikuwa amekwenda kuchota maji. Nikang'oa plagi zote, nikatia ufunguo wa ndege mfukoni, nikafunga kwenye krenki saa ya kipimo, ambayo mshale wake hucheza krenki ikiwa imepinda. Kazi ile inataka watu wawili: mmoja azungushe propela, mwingine asome mshale.

"Mwadila," sauti ikanisalimu kwa Kisukuma nyuma yangu.

Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano, amevaa kaptura tu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Mguu wake wa kushoto ulifungwa kamba ndefu aliyokuwa akiiburuta. Nikaijua kazi yake: wapo Wasukuma wanaowinda nungunungu kwa kutambaa ndani ya shimo, wenzao wakishika kamba juu.

"Mwadila. Mhola?" nikaitikia, yaani ni salama?

"Mhola duhu."

Nikamwomba azungushe. Akazungusha taratibu, vizuri kuliko mafundi wengine ninaowalipa. Mshale haukucheza hata kidogo. Nikafurahi jamani! "Umeona? Nzima!"

Yeye akabandika sikio kwenye injini.

"Umepima mlangoni, kaka. Nungunungu hakai mlangoni. Yuko nyuma."

"Wewe injini umezijulia wapi?"

"Injini sizijui. Mashimo nayajua. Mimi walinichimba mlangoni tu, wakachoka. Nilikuwa nyuma, mzima. Niliwasikia wakiondoka."

Nikainama kuusoma mshale tena, kwa ubishi wangu. Nilipoinua kichwa, hayupo. Unadhani nilikimbia? Nilitaka kujua, ndiyo tabia yangu. Vumbini kulikuwa na alama ya kamba, bila unyayo hata mmoja. Nikaifuata hadi kwenye shimo lile la gurudumu, ambalo asubuhi niliwaona watu wakilifukia na kulishindilia. Alama ilizama kwenye udongo ule ule uliofukiwa.

Mzee Maduhu aliporudi nikamweleza habari za kijana mwenye kamba. Akatua ndoo.

"Kamba ilikuwa mguu upi?"

"Wa kushoto."

Akakaa chini pale pale. "Ni kaka yangu. Kamba niliishika mimi." Ilikuwa zamani, kabla kiwanja hakijasawazishwa. Shimo liliporomoka, kamba ikatoka imekatika. Wakachimba mdomoni mwa shimo hadi jua la pili, wakakata tamaa. "Alisema nini?"

"Alisema yuko nyuma," nikamjibu. Sikuongeza neno.

Nikampigia rubani, nikamwambia sisaini. Alinuna, lakini siku ya tatu alikuwepo nilipofungua nyuma ya injini. Boliti ilikuwa imelegea, pini imepasuka, imebaki kushikwa na unyuzi tu. Akaiweka kiganjani, akaitazama muda mrefu, kisha akaenda kukaa peke yake chini ya bawa.

Watu wa ukoo wa Maduhu nao walichimba, safari hii mbali na mdomo wa shimo, upande wa pamba. Walimkuta amejikunja, kipande cha kamba kingali mguuni. Wakamzika kwa heshima.

Tangu hapo mafundi wenzangu wananiita kobe, kwa kuwa sisaini kitu ambacho sijakiona nyuma. Waniite. Nawe, kama una jambo unalolipima mlangoni kwa sababu una haraka, nakusihi, fika nyuma.

Kila sikukuu Mzee Maduhu hunipigia simu. Tukishasalimiana huuliza lile lile: "Fundi, hakika hakusema kingine?" Namwambia hakusema. Basi ukipita Itilima ukamkuta, msalimie, ongea naye habari za mvua na pamba. Tafadhali usimwambie kwamba kaka yake aliwasikia wakiondoka.