Funda la Maji ya Chumvi

Nawashukuru wanafunzi wangu wa mtaa wa Buyenzi, ingawa juzi nilitamani ardhi inimeze. Risasi zilikuwa zimetunyima usingizi, nikaingia darasani na kichwa kizito. Nikakoroga chumvi kwenye glasi ya maji.

"Imeenda wapi?"

"Imeisha!" wakajibu.

Mimi, bingwa wa kemia, nikapiga funda kubwa, nikameza. "Haijaisha! Chembe zake zimo humu, nimezionja!"

Claudine, anayevaa msalaba shingoni, akasema taratibu: "Mwalimu, si ni Ramadhani? Si umefunga?"

Alhamdulillah, kusahau hakuvunji funga. Lakini uso nitauweka wapi! Claudine akainama, akatoa chupa ya maji chini ya dawati.

"Mwezi muzima tunakunywa kwa kujificha, tusikutamanishe. Sasa tunaweza kunywa mbele yako?"