Nanga Bila Mashini

Baba alikuwa fundi wa mashua kisiwani Kudha, karibu na Kismayo, na hata moyo wake aliuelewa kifundi. Vita vilipofika Kismayo tukakimbilia Mombasa, moyo huo ulikuwa na tabia mbili: mara unakwenda mbio hadi anashika ukuta, mara unasita hadi anaanguka. Daktari alisema dawa ya kuutuliza peke yake ingeweza kuusimamisha. Kwa hiyo kwanza akamtia kifuani kijimashine cha kuusukuma unapozubaa, ndipo akampa vidonge. Vyote viwili, alisisitiza. Katika kambi ya wakimbizi tulimokaa, baba akatufasiria: mashini inasukuma, vidonge ni nanga, vinazuia. Tukacheka. Laiti ningetia akilini.

Kambi ilipofungwa tulirudi Kudha, nami ndiye niliyebeba vidonge. Shangazi, dada yake baba, hakuwahi kukimbia. Tulimkuta kajikunyata, mkono kifuani.

"Unakwenda mbio, mwanangu," akaniambia. "Kama wa babako."

Kwetu anayetoka Mombasa hafiki mikono mitupu, na sisi hatukuwa na kitu ila dawa. Nikamtazama baba.

"Mpe," akasema. "Mchu ni nduye, naye ni ndugu yangu."

Nikampa, kimoja asubuhi kimoja jioni, sawa na baba. Siku mbili za mwanzo alitulia, akapika mwenyewe, akaniombea dua ndefu mpaka nikaona haya. Nilijiona daktari, mjinga mimi! Siku ya nne akaanguka jikoni. Nilimshika kifundo cha mkono: pigo moja, kimya, kimya, pigo. Hapo ndipo nilipoikumbuka nanga. Yeye hakuwa na mashini.

Kismayo, penye hospitali, walikuwa wakipigana, hakuna nahodha aliyethubutu kwenda. Na hata tungefika, nani angemtia mashine huko? Nilimpepea tu. Nilisoma Yasini nikaikosea, mimi niliyeihifadhi utotoni.

Baba akakaa kando yake, akafungua shati, akashika kile kivimbe cha mashini chini ya bega, akaniangalia kana kwamba kweli naweza.

"Itoeni hini," akasema. "Mtieni yeye."

Nikamwambia haitoki, baba. Hakulifunga shati mpaka dada yake alipokata roho.

Tulimzika siku iliyofuata, baada ya adhuhuri. Jioni nikampelekea baba kidonge chake na maji. Alikigeuzageuza kiganjani.

"Hichi ni changu," akaniuliza, "au ni chake?"